Sura ya Nne: Jina Lako Limo Daftari Lipi?

Mpangaji mpya akiingia Mbagala au Chamazi, mambo yake ya mwanzo yanajulikana. Kodi ya miezi sita iko mkononi mwa mwenye nyumba, luku inagawanywa vipi, maji yanatoka siku zipi, daladala ya Kariakoo inapita wapi. Ofisi ya serikali ya mtaa ataikumbuka siku akitakiwa barua ya utambulisho: ya kufungulia akaunti benki, ya kuombea kitambulisho cha taifa, au ya kumdhamini ndugu aliyelala kituo cha polisi. Huko atakuta benchi, mtendaji, mhuri, na daftari la wakazi ambalo jina lake halimo. Ataandikwa hapo hapo, barua itapigwa mhuri, ataondoka. Muda wote aliokaa kabla ya siku hiyo, kwa hesabu za mtaa, hakuwapo.

Wengi wetu tukitafuta huduma tunatafuta jengo, au kibao barabarani. Ushauri wangu katika sura hii ni kutafuta daftari. Huduma karibu zote za afya na za familia, kule chini tunakoishi, humfikia mtu aliyeandikwa mahali, na kila daftari lina mtu wake anayelishika. Mtendaji ana lake, muuguzi wa kliniki ana lake, mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba ana lake, afisa ustawi wa jamii ana lake. Madaftari haya mara nyingi hayazungumzi. Unaweza kuwa mgonjwa maarufu kwenye zahanati ya kata yako na bado mtendaji asijue kama upo duniani.

Mpangilio wenyewe una historia. Mwaka 1973 redio ilikusanya watu vijijini kwenye vikundi vya kusikiliza kampeni ya Mtu ni Afya, wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Miaka mitano baadaye, huko Alma-Ata, mataifa yalitoa azimio kuhusu afya ya msingi, na Tanzania ilikuwa tayari na mengi ya kuonyesha. Kisha fedha zikapungua, na kuanzia mwaka 1993 mgonjwa akaanza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Mwaka 2007 ukaja mpango wa maendeleo ya afya ya msingi, ule uliofupishwa MMAM, na ahadi yake inakumbukwa hadi leo na kila mwananchi aliyewahi kubeba tofali la kujenga zahanati: kila kijiji zahanati, kila kata kituo cha afya. Haijatimia kila mahali. Lakini imeacha ramani ambayo ukiielewa hupotei, kwa sababu ngazi za tiba zinafuata ngazi za utawala. Zahanati ni ya kijiji au mtaa, kituo cha afya ni cha kata, halafu hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda kama Bugando kule Mwanza au KCMC kule Moshi, na juu kabisa Muhimbili. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua pa kutibiwa aanze kwa kujua yumo kata gani. Utashangaa ni wakazi wangapi wa Dar es Salaam wanaotaja kituo cha daladala wakiulizwa kata.

Na kusema kweli, mlango wa kwanza kwa wengi hauko kwenye ngazi hizo hata kidogo. Ni duka la dawa. Mtoto akichemka saa mbili usiku, mama hatafuti mganga mfawidhi, anavuka barabara. Serikali ililijua hilo mapema. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, ulianza mpango wa maduka ya dawa muhimu, ambapo wauzaji walifundishwa, maduka yakakaguliwa na kusajiliwa, na orodha ya dawa wanazoruhusiwa kuuza ikawekwa wazi. Mpango ukaenea nchi nzima. Muuzaji mzuri wa duka la namna hii ni hazina ya mtaa. Anajua zahanati ipi ina vipimo vya malaria wiki hii na ipi imeishiwa, anajua muuguzi gani ana mkono mwepesi wa sindano, na akikuambia “huyu mtoto usimpe dawa yangu, mpeleke kituoni sasa hivi”, mshukuru na uondoke. Cheti cha usajili hutundikwa ukutani. Kama hukioni, hapo unanunua kwa imani.

Tuje kwenye kliniki, kwa sababu daftari lake ndilo linaloanza mapema kuliko yote, kabla mtu hajazaliwa. Tuseme mwanamke ametoka Kilosa kumfuata mume Mbagala, ana mimba ya miezi minne na mtoto wa mwaka mmoja mgongoni. Kitu cha thamani kuliko vyote katika begi lake ni kadi mbili, yake ya mjamzito na ile ya mtoto. Kadi ya mtoto inasema chanjo ipi imekwisha na ipi bado: ile ya kifua kikuu aliyopewa alipozaliwa, zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ile ya surua na rubela ya miezi 9, na ya pili ya miezi 18 ambayo wazazi wengi huisahau kwa kuwa mtoto anakuwa ameshaanza kukimbia. Akiwa na kadi, kliniki yoyote nchini inampokea na kuendelea pale wengine walipoishia. Akiiacha kijijini, muuguzi ataanza kubahatisha. Nimeona familia zinazohifadhi hati ya kiwanja ndani ya plastiki mbili na kadi ya kliniki chini ya godoro lenye kunguni. Zibadilishane mahali.

Kliniki siku hizi huitwa ya baba, mama na mtoto, na hudhurio la kwanza baba huombwa afike, wapimwe wote wawili. Jambo jema. Lakini pamezuka desturi katika baadhi ya vituo: mjamzito asiye na mwenza, au ambaye mwenza yuko machimboni Geita, anaambiwa arudi akachukue barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha kwamba kweli hana mume wa kuja naye. Sera ya afya haimnyimi mjamzito huduma kwa kukosa mwanamume wa kumsindikiza. Barua hiyo ni ubunifu wa kaunta, unaompotezea mwanamke siku nzima na nauli, na unamlazimu kueleza mambo ya chumbani mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Akikutana nayo aombe kuonana na mganga mfawidhi, amweleze kwa utulivu. Mara nyingi yanaisha hapo.

Sasa mtu ambaye ningependa kila kaya imjue kwa jina na kwa namba ya simu: mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kwa miaka mingi wahudumu hawa walikuwa watoto wa miradi. Mradi wa malaria uliwafundisha wake, wa ukimwi wake, wa lishe wake, kila mmoja na fulana yake na fomu zake. Mradi ukiisha, fulana inabaki inafuliwa, kazi inakufa. Mwishoni mwa Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwaunganisha wote kuwa kada moja, wenye mafunzo ya miezi 6 na posho, kwa lengo la kufikia wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano. Namba hiyo haikuokotwa. Ni wahudumu wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa wa Tanzania Bara, na huteuliwa miongoni mwa wakazi wa mahali penyewe. Maana yake ni kwamba pale ulipo wewe, kama si leo basi katika miaka hii ya utekelezaji, wapo wawili wanaotakiwa kuijua nyumba yako.

Wanafanya nini? Hupita kaya kwa kaya na kuandika: nani mjamzito, nani amejifungua, nani ana kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, nani ameacha dawa, choo kipo, chandarua kipo. Mfukoni wana utepe wa rangi tatu wa kupimia mkono wa mtoto. Ukisoma chini ya sentimita 11.5 umeangukia wekundu, na mtoto huyo hapaswi kulala nyumbani bila kuonwa kituoni. Njano, hadi 12.5, ni ya kufuatiliwa. Kijani, endeleeni na uji. Kwenye vijiji vingi wahudumu haohao ndio wanaoita watu kwenye Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika mara moja kila robo ya mwaka, watoto wanapimwa uzito na mkono hadharani, na mama anajua mtoto wake yuko wapi bila kulipa nauli ya bodaboda.

Visiwani walitangulia. Kule Zanzibar, kupitia mpango wa Jamii ni Afya, wahudumu wa kujitolea wa kila shehia wamepewa simu zenye programu inayowaongoza swali kwa swali wanapotembelea kaya, na daftari limehamia kwenye skrini. Huko pia utaratibu una jina moja kuu ambalo kila mtu analijua tangu utotoni: sheha. Kwa Mzanzibari swali la “nianzie wapi” halina mjadala. Mzee aliyetimiza miaka 70 akitaka Pensheni Jamii, ile iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000, atapita kwa sheha. Nadhani sisi wa Bara tulipoteza kitu tulipoacha kumfahamu mtu wa namna hiyo. Balozi wa nyumba kumi tulikuwa naye, akabaki kuwa wa chama, na mitaa yetu ikakua kuliko miguu ya mwenyekiti.

Namna ya kumpata mhudumu wako kama hajawahi kubisha hodi ni rahisi. Nenda zahanati iliyo karibu, wakati wa mchana foleni ikiwa imepungua, uulize anayesimamia mtaa wako ni nani. Zahanati inamjua, kwa kuwa taarifa zake za mwezi zinaletwa pale. Usiende asubuhi ya saa mbili siku ya kliniki ya watoto ukategemea mtu akusikilize.

Namba moja nitaitaja kwa msisitizo kwa sababu wanaoijua bado hawatoshi: 115. Ni ya mfumo wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, na kuzinduliwa kitaifa Aprili 2022. Mjamzito akipata dharura, au mwanamke aliyejifungua ndani ya siku 42 zilizopita, au kichanga kisichozidi siku 28, simu inapigwa bure. Anayepokea huuliza maswali ya afya, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Kama gari la wagonjwa liko mbali au limeharibika, na hili ndilo lililonivutia, humpigia dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa na kufundishwa, mwenye teksi au gari lake, amchukue mama na kumfikisha kituoni. Dereva hulipwa kwa simu akishafika, na mgonjwa hatoi nauli. Waliobuni hili walielewa kwamba vijijini magari yapo. Kilichokuwa kinakosekana usiku wa manane ni mtu wa kumhakikishia dereva malipo yake. Hapa napo kuna daftari: la madereva. Uliza zahanati dereva wa m-mama wa kwenu ni nani, halafu mjue sura yake mchana.

Fedha. Hapa watu huumia bila sababu. Bima ya familia iliyozoeleka vijijini ni CHF iliyoboreshwa: shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6, na mwandikishaji wa kijiji hupiga picha za wanakaya kwa simu akimaliza papo hapo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekuja kubadilisha mpangilio huo hatua kwa hatua, kwa hiyo viwango vya sasa viulizwe kituoni, visiulizwe kwa jirani. Ila hata asiye na bima hajafungiwa mlango. Sera inasamehe huduma kwa wajawazito, kwa watoto wa chini ya miaka mitano, kwa wagonjwa wa kifua kikuu, ukoma na VVU, na kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Maneno yanayosahaulika ni hayo matatu ya mwisho, wasio na uwezo. Mzee hathibitishi umaskini wake kwenye dirisha la malipo. Anathibitishwa kijijini kwake au mtaani kwake, jina lake linaingia kwenye orodha ya wazee wa kutibiwa bure, anapewa kitambulisho. Mzee aliyetoka Kigoma kuja kuishi na mwanawe Tabata, ambaye mtaa haujamwandika, atafika hospitali na mvi zake zote na kuambiwa alipie.

Na kama bili imeshakuja na huna? Kila hospitali ya wilaya na ya mkoa ina afisa ustawi wa jamii, mara nyingi kwenye chumba kidogo mwisho wa korido ambacho hakuna anayekuonyesha. Kazi yake mojawapo ni kumhoji mgonjwa asiyeweza kulipa na kupendekeza msamaha, wote au sehemu. Muone mapema, mgonjwa akiwa bado wodini. Ndugu wengi huenda kwake siku ya kuruhusiwa, wakiwa na hasira tayari.

Nimemtaja afisa ustawi, na huyu anahitaji nafasi yake. Mitaani jina la ofisi yake limegeuka kitisho. “Nitakupeleka ustawi!” mwanamke humwambia baba wa mtoto wake, na mwanamume anacheka au anatoroka. Ni kweli ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inashughulika na matunzo. Mzazi anayelea peke yake anaweza kufungua shauri, mwenzake anaitwa kwa barua, wanakalishwa chini, kipato kinahojiwa, makubaliano yanaandikwa na kusainiwa. Wakishindwana, njia ya mahakama ya watoto iko wazi chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Unapokwenda beba cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, na kila ujumbe wa simu unaoonyesha baba aliwahi kumtambua mtoto. Matusi yaache nyumbani, pamoja na shangazi anayeongea kwa niaba yako.

Lakini kazi ya ofisi ile ni kubwa kuliko ugomvi wa pesa za shule. Mtoto asiye na mtu huombewa malezi ya kambo kupitia kwake, na anayetaka kuasili mtoto huanzia kwake. Kituo cha kulelea watoto mchana kinasajiliwa kwake, na mama anayemwacha mtoto wa miaka miwili kwa “anti” wa uchochoroni kila asubuhi ana haki ya kuuliza kama anti huyo amewahi kuonana na afisa huyo. Mtu mwenye ulemavu anayetafuta kiti mwendo, familia yenye mgonjwa wa akili anayezurura, mzee anayenyanyaswa na wajukuu kwa ajili ya kiwanja, wote hawa ni wateja wake. Shida ni kwamba maafisa ni wachache, na kata nyingi hazina hata mmoja. Pale ambapo hayupo, afisa maendeleo ya jamii wa kata hubeba sehemu ya mzigo. Muanzie huyo, atakuelekeza halmashauri na wakati mwingine atakupigia simu ya utangulizi, ambayo ina thamani kuliko barua.

Kwa wanandoa kuna jambo la kisheria ambalo mawakili hulitaja wakati mteja ameshatumia fedha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mtu kufungua shauri la talaka mahakamani kabla mgogoro haujapita kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa na baraza kuthibitisha kwamba limeshindwa, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Mabaraza hayo yako katika kata, mengine ni ya taasisi za dini. Yapo yanayosikiliza kwa haki, na yapo ambayo wazee wake huanza kwa kumuuliza mwanamke aliyevimba jicho alimkosea nini mumewe.

Penye kipigo au ubakaji, usuluhishi usubiri. Aliyebakwa aende hospitali kwanza, bila kuoga na bila kufua nguo, na afike ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazifanyi kazi baada ya hapo. Kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Fomu ya polisi, ile PF3, ni muhimu kwa kesi, lakini mtu aliyeumia vibaya hupewa tiba huku fomu ikifuatwa. Baadhi ya hospitali zina kituo cha Mkono kwa Mkono, kama Amana kule Ilala na Mnazi Mmoja kule Unguja, ambapo daktari, polisi na afisa ustawi hufika alipo mwathirika, badala ya yeye kusimulia upya yaliyompata kwenye madirisha matatu. Vituo vikubwa vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Ukifika, taja dawati hilo tangu mlangoni, usianze kueleza habari ya binti yako kwenye kaunta ya wote. Kwa mambo ya mtoto ipo simu ya 116, bure, na hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Zipo huduma ambazo jengo lake liko mbali sana lakini daftari lake lina mkono kijijini kwako. Mfano ninaoupenda ni wa CCBRT, hospitali ya Dar es Salaam inayotibu fistula. Mwanamke anayevuja mkojo baada ya uzazi mgumu, yuko Sumbawanga, ametengwa, hana nauli, na hajui kwamba ugonjwa wake unatibika. Hospitali iliweka mabalozi: wauguzi, wahudumu, hata wanawake waliokwisha kupona. Balozi akimkuta mgonjwa hupiga simu, nauli inatumwa kwa M-Pesa kwenye simu ya balozi, anamkatia tiketi ya basi, mgonjwa anapokewa Dar na kutibiwa bure. Utaratibu huu ulianza zama ambazo M-Pesa yenyewe bado ilikuwa ngeni Tanzania. Vivyo hivyo kwa familia yenye kijana wa heroini: kliniki ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, zikafuata nyingine Dar na mikoani. Mgonjwa hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu. Lakini anayemfikisha pale kwa kawaida ni mwelimishaji rika kutoka maskani yao wenyewe, aliyepita njia hiyohiyo. Mama anayehangaika na mwanawe amtafute huyo kabla ya kumwita mgambo.

Upande wa kipato, Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini wa TASAF umekuwapo tangu mwaka 2012. Majina hupendekezwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, mbele ya watu, kisha kaya huhakikiwa. Kwa sehemu ya ruzuku, watoto wadogo lazima waonekane kliniki na wakubwa waonekane shuleni, kwa hiyo hapa angalau madaftari matatu yanalazimishwa kusalimiana. Malalamiko hayakosekani, kwamba fulani ana ng'ombe na yumo, mjane fulani hana kuku na hayumo. Mengi ya majina yaliyokosekana yalikosekana kwa sababu siku ya mkutano mwenyewe alikuwa shambani na hakuna jirani aliyemtaja.

Na wapo wasiotajwa na yeyote. Dada wa kazi aliyeletwa kutoka Singida akiwa na miaka 15, ambaye mwenye nyumba hamhesabu mhudumu wa afya anapouliza “mko wangapi humu”. Mpangaji wa chumba cha uani. Mlinzi anayelala getini. Kijana wa kubeba mizigo stendi. Ukiwa mwenye nyumba na mhudumu amefika na daftari lake, wahesabu wote waliolala humo usiku uliopita, akiwemo huyo binti, na umpe nafasi ya kuongea na mhudumu peke yake.

Penye pengo la serikali watu wana vyao. Kikoba kina sanduku la akiba na ndani yake mfuko mdogo wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Mtindo wenyewe uliletwa na shirika la CARE, Jozani kule Unguja, ukiwa umetokea Niger ulikoanza mwaka 1991. Kuna vyama vya kufa na kuzikana, jumuiya ndogondogo za Wakatoliki, akina mama wa madrasa. Mgeni mtaani akijiunga na kimoja tu, ndani ya mwezi atajua mambo ambayo hakuna kibao kitakachomwambia: daktari wa macho anayekuja kila Alhamisi ya mwisho, msaidizi wa kisheria anayesaidia bure mambo ya mirathi, ofisi ipi ukifika baada ya saa nane hukuti mtu.

Bado utakwama mahali. Dawa haipo, afisa yuko semina, muuguzi amekujibu vibaya. Kituo cha afya cha serikali kina kamati ya usimamizi ambayo ndani yake wamo wananchi wa kawaida wa eneo hilo, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kwa hiyo kamati hiyo ina la kujibu ukiuliza kwa nini dawa za shinikizo la damu zimekwisha. Uliza mjumbe wenu ni nani. Kijijini, mkutano mkuu wa kijiji kwa sheria hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa. Maswali ya zahanati yaulizwe hapo, yaandikwe kwenye muhtasari. Kwa lisilosubiri mkutano, tafuta ukutani penye mapokezi: vituo vingi vimebandika namba ya mganga mfawidhi na ya mganga mkuu wa wilaya. Zipige picha kwa simu siku usiyoumwa. Ipo pia 199 ya Wizara ya Afya, bila malipo, na anayepokea ataanza kwa kukuuliza uko mkoa gani, wilaya gani, kata gani.